Ganda la milimita moja: historia ya vinia, kutoka Sakkara hadi karakana ya nyumbani

Kama kuna kabati karibu na hapo ulipo, fungua mlango wake uangalie ukingo wa juu. Mistari ya mbao unayoiona usoni inaendelea mpaka ukingoni, kisha inageuka kuwa vitundu vidogovidogo kama vya kisiki kilichokatwa? Au inaishia ghafla, halafu chini yake kuna kitu kingine kabisa, labda tabaka za plaiwudi au unga wa mbao uliogandishwa?

Kama ni hilo la pili, kabati lako lina vinia. Vinia ni ganda jembamba la mbao nzuri lililogundishwa juu ya mbao ya kawaida. Najua wengi wetu tukisikia hivyo tunahisi tumepigwa. "Kumbe si mbao!" Ukipita Keko pale Dar es Salaam au Ngong Road kule Nairobi, neno linalouza ni moja tu: mbao tupu, mbao halisi, mbao ya mninga. Chochote chenye ganda kinahesabiwa kuwa feki.

Nataka tuiangalie dhana hiyo kwa makini. Vinia ina historia ya zaidi ya miaka 4,000, na sehemu kubwa ya historia hiyo si ya wadanganyifu. Ni ya watu waliokuwa wanahangaika na matatizo mawili ambayo sisi bado tunayo: mbao nzuri ni haba, na mbao haitulii.

Kwanza tuelewe ugomvi wa mbao na maji

Mbao ni fungu la mirija. Mti ulipokuwa hai, mirija hiyo ilikuwa inapitisha maji kutoka mizizini kwenda juu. Ukishaukata na kuupasua, maji yaliyo ndani ya mirija yanatoka kwanza, na mbao haibadiliki sana umbo. Tatizo linaanza unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu. Hapo maji yanayotoka ni yale yaliyoshikwa ndani ya kuta za seli zenyewe. Yakitoka, kuta zinasinyaa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi yanarudi, nazo kuta zinavimba tena.

Mchezo huo hauishi. Mbao iliyokatwa miaka 100 iliyopita bado inavimba na kusinyaa kila msimu unapobadilika.

Halafu haisinyai sawasawa kila upande. Kwa urefu, yaani kufuata mirija, inasinyaa kidogo mno, mara nyingi chini ya nusu asilimia hata ikitoka ubichi hadi ukavu kabisa. Kwa upana ni habari nyingine. Na ukifuata mzingo wa pete za ukuaji, kusinyaa huko kwa kawaida ni karibu mara mbili ya kule kwa kutoka kitovuni kwenda nje. Ndiyo maana ubao mpana unajikunja kama kigae cha paa.

Tupige hesabu ndogo. Una mlango wa kabati wenye upana wa sentimita 50, wa mbao inayosinyaa kwa robo asilimia kila unyevu wake unaposhuka kwa asilimia moja (kwa mbao nyingi hiki ni kiwango cha kawaida). Mlango umetengenezwa Dar es Salaam, kwenye hewa ya bahari, unyevu wa mbao ukiwa asilimia 14. Umehamishiwa Dodoma, kiangazi kimekolea, unyevu umeshuka hadi asilimia 9. Tofauti ni 5. Mara robo asilimia, mara milimita 500, jibu ni kama milimita 6.

Milimita 6! Kama ule ubao umepigiliwa misumari pande zote, hauna pa kwenda. Utapasuka tu. Fundi hakukuibia, na mbao haikuwa mbovu. Fizikia imefanya kazi yake.

Mafundi wa zamani walikuwa na jibu moja zuri kwa hili: fremu na kidirisha. Unatengeneza fremu ya vipande vyembamba, unaichonga mfereji kwa ndani, kisha ubao wa katikati unauchomeka bila gundi ili upumue humo ndani. Jibu la pili lilikuwa vinia.

Sakkara: tabaka sita na vigingi

Misri ya kale ilikuwa na mawe mengi na miti michache. Mti wa kawaida ulikuwa mgunga, mgumu lakini wenye vipande vifupi na vilivyopinda. Mwingine ulikuwa mkuyu, huuhuu tunaoufahamu sisi. Mbao ndefu na nyoofu ya mwerezi ilitoka Lebanoni kwa meli.

Ndani ya piramidi ya ngazi kule Sakkara, lililojengwa kwa ajili ya Farao Djoser karibu mwaka 2650 KK, wachunguzi walikuta mabaki ya jeneza la ajabu. Ubavu wake ulikuwa umetengenezwa kwa tabaka sita za mbao, kila moja ikiwa na unene wa kama milimita 4. Mirija ya tabaka moja ililala kwa urefu, ya inayofuata ikakatiza, ya tatu kwa urefu tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Tabaka zilishikwa kwa vigingi vidogo vya mbao.

Hiyo, msomaji wangu, ni plaiwudi. Ina miaka zaidi ya 4,600.

Kwa nini wakatize? Kwa sababu ile tuliyoiona hapo juu. Kila tabaka inataka kusinyaa kwa upana, lakini jirani yake imelaza urefu upande huohuo, na urefu hausinyai. Basi zinazuiana. Sidhani fundi wa Sakkara alikuwa na habari za kuta za seli, ila alijua mbao inatembea, na alijua namna ya kuifunga kamba kwa mbao nyingine.

Kufikia karne ya 15 KK gundi imeshaingia kazini. Katika kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Farao Thutmose III, huko Thebes, kuna ukuta wenye picha za karakana. Maseremala wanapasua, wanatoboa, wanasugua. Mahali fulani kuna chungu juu ya moto na mtu anayepaka kwa brashi. Hiyo ni gundi ya moto, iliyopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na karibu yake kipande chembamba cha mbao nyeusi kinabandikwa juu ya mbao ya rangi nyepesi.

Mbao nyeusi gani hiyo? Hapa ndipo hadithi inapotugusa sisi.

Mpingo safarini

Wamisri waliiita hebeni. Neno likaingia Kigiriki likawa ebenos, likafika kwenye Kiarabu kama abnus, na hatimaye likatua kwetu: abunusi. Fungua kamusi ya Kiswahili utalikuta.

Leo, ukisema "ebony" kwa mfanyabiashara wa mbao, anafikiria miti ya jenasi ya Diospyros kutoka India, Sri Lanka, Madagaska au Afrika ya Kati. Lakini vipande vya hebeni kutoka Misri vilipochunguzwa kwa hadubini, vikiwemo vya kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa mwaka 1922, mbao iliyotambuliwa ilikuwa Dalbergia melanoxylon. Kwa Kiswahili, mpingo.

Tusikimbilie kusema magogo yalitoka Kilwa. Mpingo unaota sehemu kubwa ya Afrika kavu, kuanzia Senegali hadi Eritrea na kushuka kusini. Wamisri waliupata kupitia Nubia na nchi waliyoiita Punt, ambayo wataalamu wengi wanaiweka upande wa Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika. Kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut kule Deir el-Bahri imechongwa safari ya meli zilizokwenda Punt, na magogo ya hebeni yamo kwenye orodha ya shehena.

Sasa jiulize. Gogo limesafiri mamia ya kilomita. Ni zito kiasi kwamba linazama majini. Mti wenyewe hukua taratibu, mara nyingi umejipinda, na kiini cheusi ni sehemu tu ya shina. Je, utatengeneza sanduku zima kwa mbao hiyo? Hata mafundi wa farao walifikiri mara mbili. Walichana vipande vyembamba, wakavibandika juu ya mbao nyingine pamoja na vipande vya pembe ya ndovu. Kama vinia ni ufukara, basi Tutankhamun alizikwa na ufukara mwingi sana.

Roma: lalamiko la kwanza

Lalamiko la kwanza linalojulikana sana lilitoka kwa Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 wakati Vesuvius ilipolipuka. Katika kitabu cha 16 cha ensaiklopedia yake ya maumbile anaeleza miti inayofaa kukatwa maganda, kisha anageuka kuwa mkali. Anasema watu wamebuni kuivika mbao duni ngozi ya mbao ya thamani, ili mti mmoja uuzwe mara nyingi. Haikutosha, wakaanza kupaka rangi magamba ya kasa yafanane na mbao.

Soma vizuri hasira ya Plinio. Hakusema makabati hayo yanavunjika. Hasira yake ni juu ya anasa na juu ya biashara: mti mmoja, wateja wengi. Mtu wa leo anayehesabu misitu iliyobaki anaweza kuisoma sentensi hiyohiyo akaona ni sifa.

Paris: kazi inapata jina

Ulaya iliporudi kwenye vinia kwa nguvu katika karne ya 17, mbao nyeusi ndiyo iliyotangulia. Paris, mafundi waliobobea kuibandika waliitwa ébénistes, yaani watu wa abunusi. Hadi leo kwa Kifaransa fundi wa makabati ya hali ya juu ni ébéniste, hata kama maishani mwake hajawahi kugusa mbao nyeusi. Seremala wa mbao nzima ana jina lingine. Kwa maneno mengine, kwa Wafaransa aliyebandika ganda ndiye aliyekuwa bingwa.

Maarufu kuliko wote ni André-Charles Boulle (1642–1732), aliyeteuliwa mwaka 1672 kuwa fundi wa Mfalme Louis XIV na kupewa makazi Louvre. Boulle alipanga bamba la shaba nyeupe ya njano, ile tunayoiita brasi, juu ya ganda la kasa ng'amba, akakata mchoro mmoja kwa msumeno mwembamba kupitia yote mawili kwa pamoja. Akishatenganisha anapata seti mbili: maua ya brasi ndani ya ng'amba, na maua ya ng'amba ndani ya brasi. Hakuna kilichotupwa.

Lakini makabati ya Boulle yanawasumbua wahifadhi wa makumbusho mpaka leo. Brasi haijali unyevu wa hewa. Mbao iliyo chini yake inajali. Miaka inapita, mbao inavimba na kusinyaa, brasi imekaa vilevile, gundi inachoka, na vipande vinaanza kubenuka. Ni somo tunalolihitaji baadaye: ganda na kitu kilicho chini yake lazima waweze kuishi nyumba moja.

Mashine inashusha hadhi

Mpaka hapo vinia ilikuwa ghali kwa sababu moja: mikono. Watu wawili walisimama na msumeno wa fremu, gogo limesimamishwa kwenye jiriwa, wakachana ganda la milimita 2 au zaidi. Kila ganda lililopatikana, unene unaokaribiana nalo uligeuka unga chini ya meno ya msumeno.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Marc Brunel, mhandisi aliyezaliwa Ufaransa na baba wa Isambard Kingdom Brunel, alisimika misumeno mikubwa ya duara ya kuchana vinia kwa nguvu ya mvuke huko Battersea, London. Baadaye zikaja mashine za kisu, zinazokata bila msumeno kabisa. Namna moja ni ya kukata vipande bapa, kama unavyokata mkate. Nyingine ni ya kumenya: gogo lililolainishwa kwa maji moto au mvuke linazungushwa mbele ya kisu kirefu, na ganda linafunguka mfululizo kama kitambaa kwenye jora. Kisu hakitoi unga. Ganda likashuka hadi chini ya milimita moja, na bei ikashuka nalo.

Kitu kikiwa rahisi, heshima nayo huondoka. Mwaka 1864 Charles Dickens alianza kuchapisha riwaya ya *Our Mutual Friend*, na humo aliiweka familia ya matajiri wapya ambao kila kitu chao kinang'aa na kinanukia upya. Aliwapa jina la Veneering. Wasomaji wa London hawakuhitaji kuelezwa kichekesho. Ndani ya vizazi vichache, vinia ilikuwa imetoka meza ya mfalme na kuwa tusi.

Na ukweli ni kwamba tusi lilikuwa na msingi. Viwanda vya wakati ule vilibandika vinia juu ya mbao za bei rahisi zisizokauka, mara nyingi upande mmoja tu, zikiwa na gundi ileile ya ngozi inayolegea kwa joto na unyevu. Kosa halikuwa la ganda. Lilikuwa la kitu kilichofichwa chini yake, na la gundi iliyo katikati.

Plaiwudi, chai na ndege za vita

Tatizo la kilicho chini lilitatuliwa kwa kurudia wazo la Sakkara. Mwishoni mwa karne ya 19 kiwanda cha Luther huko Tallinn, Estonia, kilikuwa kinatengeneza makalio ya viti kwa tabaka za mbao zilizokatizana. Bidhaa zao ziliuzwa Uingereza kwa jina la Venesta, na masanduku ya plaiwudi ya aina hiyo yakabeba chai na mizigo mingine. Ernest Shackleton alipokwenda Antaktika mwaka 1907 alipakia vifaa vyake ndani ya masanduku ya Venesta, na kitabu kilichochapishwa kambini hukohuko, *Aurora Australis*, kikapewa majalada ya mbao za masanduku hayo. Mwaka 1905, kwenye maonyesho ya Portland, Oregon, kiwanda kimoja cha huko kilionyesha mbao za tabaka za msonobari wa Douglas, na ndiyo sekta ya plaiwudi ya Marekani ikaanza kukua.

Ikabaki gundi. Gundi ya ngozi inakufa kwa maji. Gundi ya kasini, ya protini ya maziwa, ni afadhali kidogo, lakini kuvu huila. Mwaka 1934 mkemia James Nevin, akiwa kwenye kampuni ya plaiwudi huko Aberdeen, jimbo la Washington, alipata gundi isiyopitisha maji kabisa, na plaiwudi ikaweza kukaa nje.

Mtihani mkubwa ulikuwa vita. Ndege ya Kiingereza ya de Havilland Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, ilikuwa na mwili wa mbao: maganda ya mti wa bechi nje na ndani, na katikati balsa, mbao nyepesi kama sponji. Zaidi ya 7,000 zilitengenezwa, na watengenezaji wengi wa vipande vyake walikuwa viwanda vya fenicha. Fundi wa makabati alikabidhiwa bawa la ndege! Ila baadhi ya ndege hizo zilipopelekwa India na Burma, kwenye joto na mvua, maungio yakaanza kuleta shida. Mjadala ulihusu gundi, unyevu, na vipande ambavyo havikukaa sawa kabla ya kugundishwa. Gundi mpya za kemikali zikachukua nafasi ya kasini. Makosa ya gundi yaliyovumilika sebuleni hayakuvumilika angani, na makabati yetu ya leo yamefaidika na somo hilo.

Karakana ya nyumbani: historia yote mezani kwako

Tuseme sasa unataka kutengeneza kabati la kuhifadhia vitu, uani kwako, bila mashine kubwa. Kila hatua utakayofanya ina mizizi kwenye historia tuliyopitia.

*Kiini kitulie.* Chagua plaiwudi au MDF ya milimita 18 kwa ubavu na milango. Hizi hazitembei kwa upana kama mbao nzima. Kwa sehemu zenye unyevu, MDF ya kawaida iepuke, maana ikinywa maji inavimba na hairudi.

*Bandika pande zote mbili.* Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Gundi ya mbao nyeupe ina maji. Ganda linapopakwa linavimba, kisha likikauka linasinyaa huku limeshikwa, na linavuta ubao ukunjike kuelekea upande wake. Dawa ni kubandika ganda lingine nyuma, unene uleule na mwelekeo uleule, ili wavutane sawa. La nyuma linaweza kuwa la mbao ya bei nafuu, hakuna atakayeliona.

*Mgandamizo uanzie katikati.* Mafundi wa gundi ya ngozi walitumia kifaa kinachoitwa nyundo ya vinia, ingawa hakipigi chochote: kinasukuma gundi ya ziada kutoka katikati kwenda kingoni kabla haijaganda. Wewe unaweza kuweka ubao mnene juu, kisha vibao vyenye tumbo kidogo kwa chini, na kukaza vibano kingoni. Tumbo linagandamiza katikati kwanza, hewa na gundi vinakimbilia nje.

Njia nyingine ni pasi ya nguo. Gundi nyeupe ni polima inayolainika kwa joto, familia iliyogunduliwa na Mjerumani Fritz Klatte mwaka 1912. Unapaka ganda na ubao, unaacha vikauke hadi visinate, unaweka ganda mahali pake, kisha unapitisha pasi isiyo na mvuke juu ya karatasi safi. Gundi inalainika, inaungana, ikipoa inashika. Anza na kipande cha majaribio. Kwa vipande vidogo na kingo ni njia nzuri sana.

*Msasa kwa adabu.* Ganda la kiwandani lina milimita 0.6 hivi. Ukikazana na msasa mkavu kingoni utatokea upande wa pili ndani ya sekunde chache, na hapo hakuna dawa. Msasa laini, kufuata mistari, na mkono mwepesi.

*Kinga pumzi yako.* Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeweka vumbi la mbao na formaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Formaldehaidi imo kwenye gundi za bodi nyingi za bei rahisi na hutoka taratibu, hasa kwenye joto. Vaa barakoa nzuri, kata mahali penye hewa, na kingo za bodi zilizobaki wazi zifunike kwa ganda au rangi. Wakati wa Rekhmire hatari kubwa ilikuwa kuungua na chungu. Yetu haionekani kwa macho.

Kwa hiyo, ni udanganyifu au siyo?

Turudi kwa Plinio na ile mti mmoja kuuzwa mara nyingi. Chukua ubao wa mninga wenye unene wa milimita 25. Kama mbao nzima, unatoa mlango mmoja. Kwa kisu cha kukata maganda ya milimita 0.6, eneo hilohilo linatoa, kwa hesabu ya karatasi, maganda 40 hivi. Toa yatakayoharibika, bado ni nyuso za milango zaidi ya 30.

Mninga si mti wa kuchezea. Mafundi wanaupenda, na wana haki, kwa sababu ni miongoni mwa mbao zinazosinyaa kidogo sana. Ile hesabu yetu ya milimita 6 kwake ingekuwa ndogo zaidi. Lakini unakua polepole na unavunwa zaidi porini. Mpingo nao unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, mara nyingi 70 au zaidi. Tangu mwaka 2017 jenasi yote ya Dalbergia imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuingiza humo miti ya Pterocarpus ya Afrika, ambako mninga upo. Tunaposema tunataka mbao tupu au hatutaki, tunafanya uamuzi kuhusu miti hiyo, tukijua au tusijue.

Si kwamba nakwambia ununue chochote chenye ganda. Udanganyifu upo, na una sura mbili. Ya kwanza ni kuuziwa ganda kwa bei na jina la mbao nzima. Ya pili ni karatasi ya plastiki yenye picha ya mbao kuitwa vinia, wakati vinia ni mbao ya kweli, iliyoota, yenye pete na mirija. Ukiona mchoro uleule wa fundo unajirudia sehemu mbili za kabati bila tofauti hata ya nukta, hiyo ni picha. Mti haurudii.

Basi badala ya kuuliza "ni mbao tupu?", muulize fundi maswali matatu. Ndani kuna nini? Nyuma ya mlango umebandika pia? Umetumia gundi gani? Fundi anayeijua kazi yake atakujibu bila kusita, na pengine atafurahi kwamba safari hii kaja mteja anayeelewa. Anayekasirika, mshukuru na uendelee na safari yako.